Nimeambiwa nilipie nafasi ya Toyota GR GT kabla haijatoka, nitoe hela?

"Habari kaka mtaalamu. Niko Dodoma, nina mashine za kukamua alizeti Kibaigwa na biashara imekaa vizuri. Tangu niko shule naota gari la spoti na hii GR GT ya Toyota imenimaliza kabisa. Kuna jamaa ana yadi, nimeunganishwa nae na rafiki, anasema ana nafasi mbili kutoka Japani, zitatoka gari 500 tu dunia nzima, bei dola 180,000, na nikitanguliza dola 15,000 kabla ya Ijumaa jina langu linaandikwa. Anasema hata nikibadili mawazo likifika naliuza mara mbili ya bei. Nimeshamtumia kwa simu milioni 2 za kushikilia nafasi. Mke wangu ananiona mwehu. Je nimalizie? Na milioni 450 zitatosha kuliweka barabarani hapa Dodoma?"

Mdogo wangu, usimalizie, na hiyo Ijumaa iache ipite kama Ijumaa zingine. Sasa nikueleze kwa nini, maana naona umefunga maswali matatu kwenye fungu moja: nafasi ipo au haipo, ikiwepo italipa au hailipi, na hela uliyonayo inatosha au haitoshi. Jamaa yako amekujibu yote matatu kwa pumzi moja na hapo ndo pa kuogopa.

Kwanza wewe si mwehu. Hapa mjini kuna watu wanatumbukiza mamilioni ya kutisha kwenye Land Cruiser ambayo safari yake ndefu ni Mtumba na kurudi na hakuna anayewauliza kitu. Kama hela ni yako, haina deni la benki na msimu wa alizeti ukija una mtaji wa kununulia mbegu, ota tu. Shida yangu ni hela imekaa mkononi kwa nani na kwa karatasi gani.

Tuanze na gari lenyewe. Toyota waliionyesha Desemba 2025 pamoja na ndugu yake wa mashindano, GR GT3. Injini ni V8 ya lita 4, turbo mbili, inasaidiwa na mota ya umeme, nguvu wanataka zivuke farasi 650, uzito usizidi kilo 1,750, spidi ya juu 320 kwa saa au zaidi, na fremu yote ya alumini ambayo Toyota hawajawahi kuijenga hivyo kabla. Walisema itaingia sokoni karibu mwaka 2027. Hizo namba zote ni malengo, gari lilikuwa bado linapikwa, na siku ile hawakutaja bei wala idadi. Yani huyo jamaa amekutajia vitu viwili ambavyo mwenye kiwanda mwenyewe hakuvitaja siku anaonyesha gari lake. Wakitangaza bei utaisoma kwao, huhitaji kunong'onezwa na mtu wa yadi.

Ila hiyo 500 najua ilikotoka. Lexus LFA (Lexus ni ya Toyota wenyewe), lile la V10 lililotengenezwa kuanzia mwisho wa 2010 mpaka mwisho wa 2012, ndo zilikuwa 500, na Marekani ilianzia dola 375,000. Toyota wenyewe wanaiita GR GT mrithi wa 2000GT, gari lao la spoti la zamani, na LFA, sasa watu mtandaoni wakaichukua namba ya LFA wakaibandika kwenye GR GT, ikazunguka mpaka ikafika kwenye yadi ya Dodoma ikiwa imeshakuwa habari ya uhakika. Angalia na hiyo bei uliyopewa, dola 180,000, ni chini ya nusu ya ile LFA ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sisemi haiwezekani, nasema nani kakwambia?

Sasa elewa nafasi inavyofanya kazi, maana hapa ndo wengi wanalizwa. Kiwanda kikitengeneza gari la idadi ndogo hakipeleki gari sokoni halafu mwenye hela ya kwanza achukue. Kinagawa kwa nchi, nchi inagawa kwa mawakala wake rasmi, wakala ndo anachagua mteja, na kila hatua ina karatasi yenye jina. Kuchagua kwenyewe kuna namna zake. Toyota walipotoa GRMN Yaris, kigari kidogo cha spoti, mwaka 2022, gari 500 kwa ajili ya Japani tu, waliomba zaidi ya watu 10,000 wakapigiwa bahati nasibu. Ford walipoleta GT mpya 2016 walifungua maombi, watu 6,506 wakajaza fomu kugombea nafasi 500 za mwanzo, na Ford wakakaa wanachambua nani analistahili, una Ford gani nyumbani, utaliendesha au utalifungia stoo. Ferrari na Porsche wao huwaangalia kwanza wateja wao wa siku zote. Kote huko hakuna sehemu ambapo mtu wa katikati anabaki na nafasi mbili zisizo na jina akitafuta wa kumuuzia. Na hapa kwako nafasi inauzwa kabla hata mlango wa maombi haujafunguliwa, ni kama kuuziwa kiwanja Iyumbu ambacho Jiji halijakipima, unapewa na namba ya ploti juu.

Labda tumpe jamaa faida ya shaka, labda si tapeli, labda ana mjomba Nagoya kule Japani aliyeweka jina lake kwa wakala wa kule. Hata hapo una tatizo, na wewe mtu wa Dodoma utalielewa haraka kwa mfano wa Land Cruiser 300. Ilipotoka 2021, kwa soko la Japani, wateja walitakiwa kusaini kwamba hawataiuza wala kuitoa nje ya nchi ndani ya mwaka mmoja, na Januari 2022 Toyota wakatangaza kwamba mtu anayeagiza sasa anaweza kusubiri mpaka miaka minne. Hiyo ni Land Cruiser, gari linalotoka kwa maelfu. Gari la spoti la idadi ndogo litakuja na masharti mepesi kuliko hayo? Ford GT ilikuwa na sharti la kutouza ndani ya miaka miwili, na John Cena, ndio huyohuyo wa mieleka, aliliuza mapema na 2017 Ford wakampeleka mahakamani, wakaja kumalizana mwaka uliofuata. Kwa hiyo mjomba wa Nagoya akikuahidi atalipokea leo na kesho liko melini kuja Dar, maana yake anakuahidi kuvunja mkataba wake na wakala wake, na akishikwa gari linabaki kwake, hasira zinabaki kwake, wewe unabaki na meseji.

Hata ukiwa na nafasi halali, kutanguliza hela kwa gari ambalo halijakamilika kuna historia mbaya. Mwaka 1988 Jaguar walionyesha XJ220 kule Birmingham, wakasema lina V12 na linavuta tairi zote nne, watu karibu 1,500 wakaweka pauni 50,000 kila mmoja. Lilipofika mwaka 1992 lilikuwa na V6 ya turbo mbili, linasukuma tairi za nyuma tu, bei imepanda mpaka kama pauni 470,000, na uchumi wa Uingereza ulikuwa umeshaanguka katikati hapo. Wengine wakataka kujitoa ikaishia mahakamani. Gari lilikuwa zuri sana jamani, mpaka leo nikiliona picha natulia, lakini si lile walilolilipia. Na karibuni zaidi, Tesla Roadster mpya ilionyeshwa Novemba 2017, oda ya kawaida dola 50,000, wale waliotaka toleo la kwanza wakatakiwa kuweka dola 250,000 zote, ikaahidiwa 2020, na 2020 ikapita bila gari. Hao ni watengenezaji wenyewe wenye viwanda na majina makubwa, wewe unapeleka dola 15,000 kwa mtu ambaye hata kiwanda hakimjui.

Hilo la kuliuza mara mbili sasa. Ni kweli kuna gari zimefanya hivyo, ndo maana uongo huu unauzika. Porsche 911 R ya 2016, zilitengenezwa 991, zilikuwa zinaombewa bei za ajabu ndani ya miezi michache kwa sababu lilikuwa na gia ya mkono na injini ya GT3 RS, ile 911 kali kuliko za kawaida. Halafu 2017 Porsche wenyewe wakatoa 911 nyingine, GT3 Touring, gia ya mkono, mwonekano unaokaribiana, bila kikomo cha idadi, na zile bei za 911 R zikashuka na walionunua kwenye kilele wakabaki wanaangaliana. Uhaba unashikiliwa na kiwanda, na kiwanda kinaweza kuuondoa asubuhi moja tu. LFA nayo leo bei yake iko juu kuliko ilivyouzwa, ni kweli, lakini kule Marekani mpaka 2017, miaka mitano baada ya ya mwisho kutengenezwa, kulikuwa na mpya kabisa ambazo bado zilikuwa kwenye stoo za mawakala. Aliyetaka faida ya haraka alikaa sana. Halafu hao wanaonunua gari za aina hii mara mbili ya bei wako Marekani, Ulaya, Dubai. Hapa Tanzania utamuuzia nani? Ukiliingiza nchini ukalilipia kodi, ile kodi haitoki nalo kwenda Dubai.

Na kodi ndo swali lako la tatu, hapa chukua kalamu kabisa. TRA wanaanza na CIF, yani bei ya gari pamoja na bima na usafiri wa meli mpaka bandarini. Tuseme ni milioni 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, umefika milioni 125. Juu ya hiyo 125 unawekwa ushuru wa bidhaa, injini ikizidi cc 2,000 ni asilimia 10, umefika 137.5. Juu ya hapo VAT asilimia 18, umefika milioni 162.25. Watu wengi wanajumlisha 25 na 10 na 18 wanapata 53 wanafurahi, hawaoni kwamba kila kodi inapanda mgongoni mwa iliyotangulia. Na hapo hatujagusa tozo ya reli, ada ya forodha, bandari, wakala wa kutoa mzigo, usajili na bima kubwa, ambayo kwa gari la namna hii kampuni nyingi zitakuuliza maswali marefu kabla hazijakubali. Sasa tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500 kurahisisha: dola 180,000 ni milioni 450, hiyo milioni 450 yako imeishia kwenye bei aliyokutajia, na kodi hizo tatu tu zinaipeleka mpaka milioni 730. Na bado hata meli sijaihesabu. Kwa hiyo hata kama kila alichosema jamaa ni kweli, hela haitoshi, na sioni kama alikwambia. Hii ni hesabu ya gari la petroli la kawaida, GR GT ina mota ya umeme kwa hiyo itabidi TRA wakuambie inaangukia kundi gani la forodha.

Kingine nimekiona kwenye swali lako, hizo dola. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza biashara ya ndani kutajiwa bei na kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwenye yadi Dodoma anayekudai dola 15,000 mkononi ameshakosea kabla hata hamjafika kwenye gari.

Barabara nisiseme sana, wewe ndo unaijua ya Kibaigwa kuliko mimi. GR GT ina urefu wa kwenda juu wa milimita 1,195, ukisimama pembeni paa linakuja karibu na kiuno, na upana wa mita 2 kamili. Sasa chukua pua ya gari kama hilo uipeleke kwenye matuta ya kutoka mjini mpaka kwako, yale ambayo hata Noah iliyopakia inakwaruza, halafu ile sehemu lami inapoishia na vumbi linapoanza, na mvua za Januari zimechimba korongo katikati. Tairi na breki za kaboni hupati Majengo wala Dar, unaagiza nje na unasubiri. Petroli nayo, vituo vyetu vingi vina aina moja tu, huchagui oktani, yani kiwango cha petroli kuhimili mgandamizo bila kuwaka ovyo, na injini ya turbo yenye mgandamizo mkubwa ikikuta oktani ndogo mafuta yanataka kuwaka kabla ya wakati wake, kompyuta inagundua huko kuwaka ovyo na inachelewesha cheche kuilinda injini, unapoteza nguvu ulizozilipia. Injini haifi siku hiyo hiyo, lakini unaendesha farasi 650 za kwenye karatasi. Na mafundi wetu, nawaheshimu sana, mtu atakushushia injini ya Hiace kando ya barabara na kuirudisha kabla ya magharibi, ila gari la alumini lenye mfumo wa umeme wa volti kubwa halitaki ujasiri, linataka mashine ya kupimia ya kiwanda na mtu aliyefundishwa nayo.

Kwa hiyo una njia zipi. Ukiitaka GR GT yenyewe kwa dhati, andika barua au barua pepe kwa wakala rasmi wa Toyota hapa nchini, uliza je Tanzania itapangiwa gari, je litakuja na usukani wa kulia, usidhani tu kwa sababu ni la Mjapani, na kama kuna orodha ya wanaolitaka wakuandike. Kuonyesha nia hakupaswi kukugharimu chochote mpaka kuwe na bei na mkataba. Kuna uwezekano mkubwa jibu likawa hapana au subiri. Njia ya pili ni kusubiri litoke, masharti ya kutouza yaishe, uje ulitafute kwenye minada ya Japani likiwa limetumika kidogo. Hapo bei ndo inajulikana, gari linaonekana, na kuna karatasi ya mnada inayosema kila mkwaruzo uko wapi, gredi yake ngapi, na kama lina R ujue liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Ila usisubiri likazeeka mno, gari likifika miaka 8 TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu asilimia 15 na likivuka 10 ni asilimia 30, na hiyo nayo inapandwa na VAT.

Ya tatu ndo ningeichukua mimi kama ningekuwa na hela yako, na najua utaguna. GR Yaris. Injini ndogo ya lita 1.6, silinda tatu, turbo, inavuta tairi zote nne, gia ya mkono, walilitengeneza kwa sababu ya mashindano ya rali ya dunia na unalisikia hilo ukikanyaga tu. Usukani wa kulia upo, minadani zipo, na kwa sababu injini haizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 badala ya 10, ile milioni 100 inaishia karibu 155. Nalo si gari la makorongo, nalo linataka tairi nzuri, lakini Jumapili asubuhi njia ya Kondoa ikiwa tupu utaelewa, na utabaki na hela nyingi tu ya mashine nyingine Kibaigwa. Ukitaka la tairi za nyuma kuna GR86, ila hilo lina lita 2.4 kwa hiyo linarudi kwenye ile asilimia 10.

Sasa hiyo milioni 2 yako. Leo, kabla hujafanya kingine, muandikie jamaa kwa meseji, sio kwa sauti, kwa adabu tu: naomba jina la kampuni kama lilivyo BRELA (wanaosajili kampuni), naomba barua ya wakala aliyetoa nafasi, na kama havipo naomba hela yangu irudi. Usimtukane wala usimtishe. Mtu mwenye kitu atakutumia karatasi, asiye nacho ataanza kukwambia kuna mteja mwingine Arusha anakimbilia nafasi yako. Jina la kampuni akikupa lihakiki BRELA mtandaoni, ni kazi ya muda mfupi. Asipokujibu au akianza kuzungusha, chukua muamala wa simu na meseji zote bila kufuta hata moja, nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa, na uwajulishe na kampuni ya simu, mapema, maana hela ya simu ikishatolewa kuifuata ni shughuli. Tafadhali usiende yadi na vijana wako wa mashineni, utageuka wewe mshitakiwa.

Na akikuletea mkataba wowote wa zaidi ya hapo, usiusaini kwenye boneti ya gari. Mpelekee wakili, wapo tele hapo mjini, mlipe ausome mbele yako: nani anauza, gari gani, tarehe gani, likichelewa hela inarudi lini, kwa akaunti ya nani. Hesabu ya kodi nayo usiichukue kwangu kama ndo mwisho, viwango vinaguswa kila bajeti ya Juni, pita ofisi ya TRA Dodoma uwatajie aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini wakufanyie makadirio. Nenda na mama watoto, naona yeye hesabu zake ziko sawa.